Taa za Bibi Kandida

Kila asubuhi, Hilaria alipomaliza kufagia uwanja na kuwapa kuku pumba, alikimbia hadi kwenye mashine ya kusaga iliyo karibu na kwao, Nangara, akamsubiri Viola. Aliyetangulia alimngoja mwenzake, hata kama kengele ya shule ilikuwa inalia. Walianza hivyo tangu darasa la awali, na sasa walikuwa darasa la sita. Ukimtuma mmoja dukani walikwenda wawili, na ukimkaripia mmoja walinuna wote.

Mwezi wa tatu, mwenyekiti wa mtaa wao, Mzee Paskasi, alifika shuleni. Aliwaeleza wanafunzi kwamba wananchi wa Babati walikuwa wanaandaa dira ya mji wao, yaani kueleza mji wanamotaka kuishi uwe wa namna gani. Kila mtaa ungechagua jambo moja ambalo wakazi wake wanalitaka kuliko mengine yote, na hilo ndilo lingetangulia kutekelezwa. Mzee Paskasi hakutaka watu watatu wakae ofisini na kuwajibia wengine. Alitaka mtu mmoja wa kila nyumba aulizwe mlangoni kwake, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyatamka.

Mwalimu Rogathe, aliyefundisha Kiswahili, aliwachagua Hilaria na Viola kwa sababu ya mwandiko wao mzuri. Mtaa wao ulikatwa katikati na korongo. Hilaria alipewa majina thelathini ya upande wa juu, na Viola majina thelathini ya ng'ambo ya korongo. Kisha Hilaria angeunganisha majibu yote katika ripoti moja na kuisoma mkutanoni.

Kazi haikuwa nyepesi. Kwa siku nne Hilaria alifukuzwa na mbwa, akawasubiri akina mama wamalize kupepeta mbaazi, na akamsikiliza mzee mmoja ambaye kabla ya kujibu alitaja kwanza ukoo wake wote. Majibu yalitofautiana. Kumi na mmoja walitaka taa za barabarani, tisa walitaka kivuko cha kuvukia korongo, na waliobaki walitaka hiki na kile.

Viola alimaliza kwa siku moja tu. Daftari lake lilikuwa safi, bila tone la tope. Watu ishirini na wanne walitaka taa, na sita walitaka bustani ya maua. Hakuna hata mmoja aliyetaja korongo.

"Wote hawa wanaishi ng'ambo, na hakuna aliyelalamikia korongo?" Hilaria aliuliza.

"Unanihoji kama polisi," Viola alijibu. "Ndivyo walivyosema."

Hilaria aliona haya kumshuku rafiki yake. Alinyamaza, akanakili kila neno.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana mbele ya ofisi ya mtaa; Mwalimu Rogathe siku hiyo hakuwapo. Hilaria alisoma idadi kwanza, na watu wa upande wa juu wakapiga makofi kusikia taa zimeshinda. Mzee Paskasi akamwomba awasomee pia baadhi ya maneno ya wananchi wenyewe. Hilaria alifunua ukurasa na kusoma kwa sauti: "Bibi Kandida, nyumbani kwa Leonard. Nataka taa za barabarani, ili jioni niuone mji wetu unavyopendeza."

Watu wa ng'ambo wakatazamana. Mmoja aliguna, mwingine akacheka kicheko kisicho na furaha. Kwenye benchi la nyuma bibi mmoja alisimama taratibu, huku mwanawe, Leonard, amemshika mkono. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiiraqw, na alichagua kila neno.

"Mjukuu wangu, huu ni mwaka wa tisa sioni. Hiyo taa nitaionea kwa kitu gani?"

"Leonard aliniambia watoto watakuja kutuuliza," bibi aliendelea. "Nimekaa mlangoni siku nne nikisikiliza hatua za watu. Hakuja mtu. Basi huyo Kandida aliyekwambia hayo ni nani?"

Mama mwingine wa ng'ambo alisimama na kusema kwamba hata yeye hakuulizwa. Akafuata wa pili, kisha wa tatu. Mzee Paskasi aliuliza ni nani aliyekwenda katika nyumba zile. Hapo Viola akasimama, na Hilaria akashusha pumzi.

"Ripoti aliiandika Hilaria," Viola alisema, kisha akaketi.

Wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Katika maneno yale hapakuwa na uongo hata kidogo, na ndiyo maana yalimchoma Hilaria kuliko tusi. Alifungua mdomo kujitetea, lakini machozi yalitangulia. Alisikia mtu akinong'ona kwamba watoto wa upande wa juu wameandika ya kwao. Mwenyekiti akaahirisha mkutano kwa wiki moja. Hilaria alirudi nyumbani peke yake, na njia nzima alijiuliza kama Viola amewahi kuwa rafiki yake.

Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho. Hilaria alitaka waende kwa kina Viola saa ileile. Badala yake mama akamuuliza, "Ulipoliona lile daftari, moyo wako ulikwambia nini?"

Hilaria alikiri kwamba alikuwa na shaka, akainyamazia.

"Basi Viola ana kosa lake kubwa, na wewe unalo lako dogo," mama alisema. "Jumatatu mpelekee mwalimu daftari, umweleze yote mawili."

Jumatatu Hilaria alipita kwenye mashine ya kusaga bila kusimama. Mwalimu Rogathe alilifunua daftari, akautambua mwandiko wa Viola hata kabla ya kutazama jina. Alimwita Viola ofisini, Hilaria akiwa palepale. Viola alishikilia kwamba alifika kila nyumba.

"Mlango wa Leonard una rangi gani?" mwalimu aliuliza.

Viola aliangalia sakafu, kisha akaanza kulia. Alieleza kwamba siku ile mvua kubwa ilikuwa imenyesha mlimani Kwaraa, na korongo lilikuwa limejaa maji. Alikaa kibarazani mwa duka la shangazi yake, akamtungia jibu kila mtu aliyekuwa kwenye orodha.

"Niliogopa kuvuka, mwalimu."

Mwalimu Rogathe alilifunga daftari. "Yaani wewe uliogopa korongo mara moja tu, kisha ukaandika kwamba watu wanaolivuka kila siku hawana shida nalo."

Ndipo Hilaria akasema jambo lililokuwa likimsumbua tangu Jumamosi. "Ungeniambia, ningevuka na wewe. Lakini ulisimama mbele ya watu wote, ukaniachia mimi."

"Nilidhani watanizomea," Viola alisema kwa sauti ndogo.

"Wakanisema mimi."

Mwalimu aliwaagiza waende ng'ambo pamoja, nyumba kwa nyumba. Walikwenda siku tatu bila kuzungumza, Hilaria mbele na Viola nyuma. Kwa Bibi Kandida walimkuta ameketi mlangoni. Walimwamkia, akaitikia, na Viola akajitaja kuwa ndiye aliyetunga yale maneno.

"Nimekusikia," bibi alisema. "Sasa andika yangu. Nataka kivuko, tena kiwe na mahali pa kushika. Tangu nihamie hapa kutoka Mbulu, masika yakija sifiki kanisani wala hospitali. Umeandika? Nisomee."

Viola alisoma. Bibi akamwambia aongeze neno "hospitali" alilolisahau, naye akaongeza.

Jumamosi iliyofuata Viola alisimama mkutanoni. Alisema kwamba majibu ya ng'ambo aliyatunga yeye, na kwamba Hilaria alibebeshwa kosa lisilo lake. Kisha Hilaria akasoma majibu mapya. Watu thelathini na sita kati ya sitini walitaka kivuko. Mzee Paskasi alitia sahihi mbele ya wote, na watu wa pande zote mbili wakakubaliana kuanza kusomba mawe wenyewe.

Baada ya mkutano Viola alimfuata Hilaria, akamwomba msamaha.

"Nimesikia," Hilaria alijibu. Neno "nimekusamehe" lilikuwa bado halijaiva moyoni mwake, naye hakutaka kulisema kwa uongo.

Mwalimu Rogathe alikuwa amesimama karibu. Hakuwalazimisha washikane mikono.

"Maneno ya mtu ni mali yake," aliwaambia. "Ukimtungia, umemwibia, na mji utakaojengwa kwa maneno ya wizi hautamfaa mwenyewe. Hilaria, siku nyingine ukiwa na shaka, uliza mara ya pili, hata kama ni rafiki yako. Na wewe Viola, kivuko cha korongo kitajengwa na mtaa mzima. Kati yako na Hilaria pia kuna korongo sasa, na hilo umelichimba mwenyewe. Kivuko chake utakijenga peke yako, kwa kusema kweli kila siku, mpaka siku Hilaria mwenyewe atakapoona anaweza kukikanyaga."