Imesema Nini, Redio?

Kinyozi alikuwa na mashine mbili za kunyolea, kioo kimoja kikubwa, na binti mmoja aliyejua kusoma kuliko mtaa mzima. Ndivyo alivyopenda kuwaambia wateja wake. Mashine moja ilikuwa mbovu, lakini binti, alisema, hana ubovu wowote.

Binti huyo alikuwa darasa la tano. Watu walimwita Redio. Akitoka shule, alipitia kwenye kibanda cha baba yake. Aliweka mkoba chini, akachukua gazeti la wateja, akasoma kwa sauti. Hakukwama hata mara moja. Alipumzika kwenye nukta. Kwenye alama ya kuuliza alipandisha sauti. Wateja walipiga makofi, mpaka Kinyozi akawaambia watulie asije akawakata masikio.

Babu yake Redio alikaa kwenye benchi karibu na mlango. Huyu ndiye aliyemzaa Kinyozi. Hakuwahi kwenda shule.

"Washa redio!" alisema kila alipomwona mjukuu wake.

"Betri zimeisha, babu. Sijala."

Babu alicheka, akampa kipande cha mkate alichokuwa amemwekea.

Redio akimaliza kusoma, wote walisema, "Safi sana!" Hakuna aliyemuuliza gazeti limesema nini. Wengi hawakuwa wameelewa. Redio naye hakuwa ameelewa. Lakini sauti ilikuwa tamu, nao wakaridhika.

Siku moja mwalimu wa darasa la tano alikutana na Mama Redio njiani. Alimwambia, "Binti yako anasoma vizuri sana. Lakini nikimuuliza maana ya alichosoma, ananyamaza."

Mama Redio alifikisha habari hizo nyumbani. Kinyozi alikasirika.

"Huyo mwalimu naye! Sasa anataka redio itoe na picha?"

Wakacheka, yakaisha hapo.

Baada ya muda Babu alianza kukohoa. Mama Redio aliacha cherehani yake, akampeleka mkwewe kituo cha afya. Muuguzi aliwapa vidonge na karatasi ya maelezo. Alisema, "Someni yote yaliyoandikwa humu. Msichoelewa, njooni mniulize. Mrudi Ijumaa tumwangalie tena."

Nyumbani karatasi ilitiwa mkononi mwa Redio. Babu alikuwa kitandani. Mama aliketi kwenye kigoda. Kinyozi alisimama mlangoni. Redio alinyoosha mgongo kama mtangazaji, akasoma:

"Endapo mgonjwa atapata upele au uvimbe usoni, asitishe dawa na kuripoti kituo cha afya."

"Rudia hapo, mwanangu," alisema Mama.

Redio akarudia, vizuri zaidi.

Neno "asitishe" lilikuwa geni kwa wote wanne. Babu alilidaka kwa namna yake.

"Nimesikia. Nisitishike. Yaani nisiogope," alisema. "Mimi nitishwe na kidonge? Nimeishi na marehemu bibi yako, mkali vile, na sikutishika!"

Wote wakaangua kicheko. Redio naye alicheka. Alidhani babu yake amepatia.

"Na huko kuripoti?" Mama aliuliza.

"Si tunarudi Ijumaa?" Kinyozi akajibu. "Tutaripoti hiyohiyo Ijumaa."

Babu akaanza kumeza vidonge. Upele ukamtoka shingoni. Kesho yake midomo ikavimba. Mama Redio aliingiwa na hofu.

"Baba, hivi vidonge tuviache kwanza."

"Karatasi imesema nisitishike. Umesahau? Mjukuu wangu kasoma mara mbili."

Akameza kingine. Asubuhi iliyofuata alishindwa kuvuta pumzi. Kinyozi alimbeba mgongoni mpaka barabarani, wakapata gari. Daktari alifanya kila alichoweza. Kabla ya saa sita mchana Babu alikuwa amefariki.

"Alipoanza kuvimba," daktari aliuliza, "mbona hamkusitisha dawa?"

"Kusitisha?" alisema Mama Redio.

"Ndiyo. Kusimamisha. Kuacha."

Redio alikuwa amesimama hapohapo, ameshika viatu vya babu yake. Alisikia kila neno. Daktari aliona nyuso zao, akapunguza sauti.

"Dawa hii inawasaidia watu wengi. Mwili wake uliikataa, koo likavimba. Mngeacha mapema na kumleta, huenda angepona. Huenda. Siwezi kuapa."

Walimzika Babu. Baada ya mazishi, Redio hakusoma tena. Wateja waliposema, "Washa redio!" alijibu kwamba koo linamuuma. Kisha akaacha kabisa kupita kibandani. Nyumbani aliosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Siku moja alimwambia mama yake, "Nataka kuacha shule, mama. Nitakusaidia kushona."

Mama Redio alidhani ni huzuni tu, itapungua. Kinyozi aliyaondoa magazeti yote kibandani, ili mtoto akipita asiyaone. Katika nyumba ile kila mtu alilia peke yake. Mama alijilaumu kwa sababu yeye ndiye aliyekwenda kituoni na hakurudi kuuliza. Kinyozi alijilaumu kwa sababu alisema Ijumaa. Hawakuambiana. Nyumba ilikuwa kimya, na ukimya ule ulimwonea mtoto.

Jumamosi moja, Mwalimu alikuja kunyolewa. Aliketi, Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni.

"Nimekuja kwa nywele, lakini nina neno pia," alisema Mwalimu.

"Sema tu. Kichwa chako kimo mikononi mwangu."

"Juzi nilimwambia kila mwanafunzi ataje neno alilojifunza mwaka huu na maana yake. Binti yako alisimama. Akasema, 'Sitisha. Maana yake ni kuacha. Nililisoma bila kulijua, nikamuua babu yangu.' Halafu akakaa."

Mashine iliendelea kunguruma mkononi mwa Kinyozi, lakini haikunyoa kitu. Nusu ya kichwa cha Mwalimu ilikuwa imenyolewa, nusu bado. Kinyozi aliizima mashine. Akaketi kwenye benchi, akalia kama mtoto, mlango ukiwa wazi na watu wakipita. Mwalimu alikaa na kichwa chake cha nusu, akasubiri.

Baadaye Kinyozi alijifuta uso. "Lakini si nyinyi walimu mlisema anasoma vizuri?"

"Tulisema. Na sisi tulisifia sauti," alijibu Mwalimu. "Katika madarasa ya chini mtoto anajifunza kusoma. Akifika darasa la tano, mambo yanageuka. Sasa anasoma ili ajifunze. Sayansi inataka aelewe anachosoma. Jiografia vilevile. Hata hesabu zimekuwa za maneno. 'Fundi alikuwa na mita sita za kitambaa, akatumia theluthi mbili. Zimebaki mita ngapi?' Mtoto anaweza kujua kugawanya na kuzidisha, lakini asipoelewa habari yenyewe, hajui aanzie wapi."

"Mimi niliishia darasa la nne, Mwalimu. Nitamsaidia nini?"

"Si lazima ujue jibu. Akimaliza aya moja, muulize, imesema nini? Akueleze kwa maneno yake, kama anavyokusimulia ugomvi wa watoto wenzake. Akikurudishia maneno yaleyale ya kitabu, ujue bado. Asome tena, taratibu. Neno gumu asiliruke. Atazame maneno yaliyo jirani nalo, mara nyingi yanampa mwanga. Asipopata, aulize. Kamusi ipo shuleni, nitamwazima."

"Na kama mimi mwenyewe silijui hilo neno?"

"Mwambie hulijui! Binti yako anaamini kwamba wakubwa wanajua kila kitu, na asiyejua ni yeye peke yake. Hilo ndilo linalomtesa. Na karatasi ya dawa msimwachie mtoto, hata awe hodari vipi. Mtu mzima arudi kwa muuguzi, aulize mpaka aelewe."

Kinyozi aliinuka, akamaliza nusu iliyobaki. Mstari wa kisogoni ulipinda. Mwalimu alijitazama kwenye kioo, akasema huo ni mtindo mpya.

Alasiri ileile Kinyozi alifunga kibanda mapema. Alimwita mkewe, akamwita na Redio. Wakaketi watatu.

"Mwanangu," alisema, "siku ile uliposoma karatasi, wakubwa tulikuwa watatu. Neno lile hatukulijua. Nani kati yetu alisema hajui?"

Redio alitazama chini. "Hakuna."

"Mimi niliona aibu," alisema Mama. "Nilimwona babu yako anacheka, nami nikacheka."

"Na mimi niliambiwa kuripoti, nikangoja Ijumaa," alisema Kinyozi.

"Lakini mimi ndiye niliyesoma," alisema Redio.

"Ulisoma kwa sababu tulikutuma," Kinyozi alimwambia. "Kuuliza maana ilikuwa kazi yetu. Hukumuua babu yako, mwanangu. Usiseme hivyo tena."

Redio alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Mama alimpakata, mtoto mkubwa yule, miguu ikifika chini. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja tangu mazishi.

Huzuni haikuisha siku ile. Lakini kesho yake, kabla ya chakula cha jioni, Kinyozi alisema, "Lete kitabu cha sayansi. Aya moja tu."

Redio alisoma kwa sauti yake ya zamani.

"Imesema nini?" aliuliza Kinyozi.

Redio akarudia maneno ya kitabu, neno kwa neno.

"Hayo ni ya kitabu. Yako yako wapi?"

Redio alikasirika, akafunga kitabu. Siku iliyofuata walijaribu tena, naye akasema sentensi moja yake mwenyewe, fupi na mbovumbovu. Kinyozi aliipokea kwa furaha. Mama naye, akiwa kwenye cherehani, alimpa kitambaa, akamwambia, "Nionyeshe theluthi mbili." Redio alikunja mara mbili kwanza, akakosea. Akakunjua, akakunja sehemu tatu zilizo sawa, akazishika mbili. Wakikutana na neno ambalo hakuna anayelijua, Kinyozi alisema, "Sijui." Mwanzoni neno hilo lilimtoka kwa shida, kama jino linalong'olewa. Kisha akazoea, nao wakaenda kwenye kamusi au kwa Mwalimu.

Siku nyingine Redio alisoma mistari miwili, akatazama kitanda cha babu yake, akashindwa kuendelea. Hawakumlazimisha.

Maneno ya kuacha shule yalikwisha taratibu. Mwisho wa mwaka ilifika siku ya wazazi. Mwalimu alimwomba Redio asome aya kuhusu jinsi tunavyopumua. Redio alisimama mbele ya wazazi wote. Alisoma taratibu kuliko zamani. Alipofika mwisho, watu walianza kupiga makofi. Redio akainua mkono.

"Naomba msipige makofi kwanza," alisema. "Niulizeni imesema nini."

Watu walitazamana. Kisha sauti ikatoka nyuma. Ilikuwa ya Kinyozi.

"Imesema nini, mwanangu?"

Redio aliweka kitabu mezani. "Imesema hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka kwenye mapafu. Njia ni moja tu. Koo likivimba, njia inaziba, hewa haipiti, hata mtu akijitahidi vipi. Ndivyo ilivyokuwa kwa babu yangu."

Mama Redio alijifunika uso kwa mikono.

"Kuna mtu hajaelewa?" aliuliza Redio.

Kila mzazi alitazama mbele kama anayejua. Kisha mkono mmoja ulinyooshwa kule nyuma.

"Mimi," alisema Kinyozi. "Rudia hapo kwenye koo."

Redio akarudia.