Kabureta Iliyofunguliwa Mara Tatu

Hakuna pikipiki inayoweza kunishinda. Nilikuwa nikisema hivyo kila Jumamosi asubuhi nikiosha vyombo nyuma ya nyumba, na sufuria hazikunibishia hata siku moja.

Jumamosi hiyo mama alinisikia. Mama ni muuguzi. Kazi yake ni kuwafuata majumbani wagonjwa wa ng'ambo ya kilima na kuwabadilishia bandeji. Alivunjika mguu kwenye ngazi za zahanati, na kwa miezi saba pikipiki yake ililala stoo chini ya turubai. Sasa mguu ulikuwa umepona.

"Bingwa," alisema, "kesho kutwa narudi kazini. Wagonjwa wangu wamesubiri vya kutosha. Haya, iwashe."

Nilipiga kiki mpaka kandambili moja ikanichomoka mguuni ikatua kwenye beseni la vyombo. Pikipiki haikukohoa hata kidogo.

Nikaenda kwa fundi, jirani yetu tunayemwita Miwani kwa sababu miwani yake huiweka kwenye paji la uso, kisha huitafuta kutwa nzima. Aliniuliza maswali mawili tu, mkono ukiwa bado kwenye injini ya mtu mwingine.

"Imelala muda gani?"

"Miezi saba."

"Kuna kitu kilibadilishwa?"

Ninyi nawaambia ukweli, maana hamtamwambia mama. Alipokuwa bado amelazwa, nilikitoa kisanduku cha kichujio cha hewa, nikafunga kichujio kidogo cha wazi nilichopewa na rafiki yangu, ili injini ingurume kama simba. Ilinguruma mara moja tu. Nikaogopa, nikaifunika ilivyo, na kisanduku nikakificha nyuma ya pipa la maji.

"Hakuna, fundi," nilisema.

"Basi ni petroli iliyochacha. Imwage yote, ufungue kabureta. Vile vitundu vyake vya ndani usivichokoe kwa waya, utavipanua. Vioshe kwa petroli safi, uvipulize kwa pampu ya baiskeli. Na ufanyie uani, mbali na jiko."

Nilifanya hivyo. Petroli iliyotoka ilinuka kama rangi ya ukuta, na chini ya bakuli la kabureta kulikuwa na utando wa njano unaonata kama gundi. Nilipuliza vitundu mpaka nikauona mwanga upande wa pili. Nikarudisha kila kitu, nikapiga kiki. Ikawaka. Nilipozungusha mkono wa mafuta, ikakohoa mara mbili, ikazimika.

Nikafungua tena. Boya, pini, mipira, vyote nikaviosha upya. Ikawaka, ikazimika.

"Pumzika, mwanangu," mama alisema.

"Sipumziki mpaka ipande kilima."

Jumapili asubuhi nikafungua mara ya tatu, vidole vikinuka petroli hata chai ikapata ladha yake. Ikawaka, ikazimika. Nikachomoa plagi, nikampelekea Miwani.

Aliigeuza kwenye mwanga. "Imepauka kama mfupa. Injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta. Kabureta umeisafisha vizuri. Sasa tafuta hewa inapoingilia."

Sikuwa na haja ya kutafuta. Nilikimbia nyuma ya pipa. Kisanduku hakikuwepo.

Nilikipata chumbani kwa bibi, ambaye hushonea watu nguo. Kilikuwa kimejaa nyuzi, na sponji yake ya kuchuja hewa ilikuwa imechomekwa sindano kama nungunungu. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikamimina nyuzi kwenye sufuria, nikachomoa sindano mojamoja, nikaosha sponji na kuipaka mafuta kidogo ya injini, kisha nikakitoa kile kichujio cha wazi na kukifunga kisanduku mahali pake.

Alasiri mama alipanda kilima kwa pikipiki mpaka juu, akarudi akitabasamu. Miwani naye alikuwa amekuja kuona.

"Ilikuwa kabureta tu," niliwaambia nikipangusa mikono. "Uvumilivu na usafi. Hakuna pikipiki inayoweza..."

"Nani kanipikia nyuzi?"

Bibi alikuwa mlangoni, sufuria mkononi. "Na kisanduku changu kiko wapi? Kile ulichokificha nyuma ya pipa mama yako alipolazwa. Nilikuona dirishani, mjukuu wangu. Nikadhani umeniletea zawadi ukaona haya kunipa."

Miwani akashusha miwani yake mpaka machoni. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona ameivaa sawasawa.

"Jana nilikuuliza," alisema taratibu. "Ungenijibu kweli, ungeifungua kabureta mara moja."

"Nimekosa, fundi. Nisamehe, mama."

Mama alishuka kwenye pikipiki. "Bidii unayo, nami nimeiona. Lakini mgonjwa akinificha alichomeza, hata nihangaike usiku na mchana, nitatibu ugonjwa mwingine. Ukikosea, sema mapema, ili jasho lako lisipotee bure."

Niliinamisha kichwa. Nilidhani yameisha.

Bibi alikuwa bado anapekua sufuria. "Sindano zilikuwa saba," alisema. "Hapa zipo sita."

Miwani aliigeukia pikipiki. Alinipa bisibisi, na wote watatu wakasimama kunitazama nikifungua kisanduku.