Samaki Asiye na Magamba

Mwezi wa Julai, kijiji cha Murera huamka ndani ya ukungu. Njambi alizoea kuvaa sweta yake ya shule hata kabla ya kunywa chai. Kisha aliwalisha kuku, akachota maji kwenye tangi na kumngoja Mourine langoni. Wasichana hao wawili walikuwa gredi ya sita, na nyumba zao zilitenganishwa na ua tu. Familia ya Mourine ilitoka Siaya. Babake alifanya kazi kiwandani mjini Thika.

Mwaka huo Njambi aliamua kusoma Biblia yote, tangu ukurasa wa kwanza. Alisoma kwa bidii kila jioni. Alipofika kitabu cha Mambo ya Walawi, alianza kuona makosa kila mahali, hasa katika nyumba za wenzake.

Jumamosi moja, nyanyake Mourine aliwasili kutoka Siaya. Alikuwa amebeba kambare waliokaushwa kwa moshi, akawapika kwa nyanya na vitunguu mpaka harufu ikavuka ua. Njambi alialikwa kula. Dani, kama Mourine alivyomwita nyanyake, alimwekea mgeni kipande kikubwa kuliko vyote, pamoja na ugali.

Njambi hakunawa. "Huyu ni samaki gani?" aliuliza.

"Ni kambare, mjukuu wangu. Karibu."

"Kambare hana magamba. Biblia inasema samaki asiye na magamba ni najisi. Sisi tuliookoka hatuwezi kula vitu vichafu."

Mamake Mourine aliinamisha uso. Dani aliivuta sahani polepole. "Sawa, mjukuu wangu. Kuna maziwa. Nikupe?"

Njambi alikataa hata maziwa. Akaenda zake akijiona kama mtu aliyefaulu mtihani.

Jumatatu, Mourine hakufika langoni. Darasani alihamia dawati jingine. Wakati wa mapumziko, Njambi alimfuata uwanjani.

"Mbona unanikimbia? Nilisema ukweli tu."

"Ulimwita Dani mchafu, tena nyumbani kwetu!" Mourine alijibu huku machozi yakimlengalenga. "Wewe unajiona msafi, sivyo? Basi Biblia hiyo hiyo inakataza nguo ya nyuzi za aina mbili. Soma lebo ya sweta yako!"

Njambi akaisoma. Sweta ilikuwa ya sufu na akriliki. Jioni alifunua Biblia, na kweli sheria hiyo ilikuwepo, sura chache tu mbele ya ile ya samaki. Kumbe alikuwa akikosa kila asubuhi bila kujua?

Siku zilizofuata, aliificha sweta chini ya godoro na kwenda shuleni na shati peke yake. Baridi ilimpenya hadi mifupani. Kabla wiki haijaisha, alikuwa anakohoa na mwili unawaka. Mama alimpeleka zahanati. Muuguzi akamwekea kipimajoto, akatikisa kichwa, akampa dawa.

Walipofika nyumbani, Mama aliketi kando ya kitanda. "Sweta yako iko wapi, Njambi?"

Njambi alilia, akaeleza yote: samaki, sweta, na sheria nyingine alizozisoma akashindwa kuzishika. "Haziishi, Mama. Nikishika moja, navunja nyingine. Mungu atanikubali vipi?"

"Haiya! Na mzigo wote huu ulikuwa umeubeba peke yako?" Mama alimfunika vizuri. "Hebu niambie. Kile kipimajoto kilituonyesha una homa. Kiliiponya?"

"Hapana. Dawa ndiyo inaponya."

"Basi, sheria nayo hutuonyesha tulipokosea, lakini inayotuokoa ni neema. Mungu hutupokea kwa ajili ya Yesu, si kwa kuwa tumeweza kushika kila sharti. Zile sheria za vyakula na nguo aliwapa Waisraeli, wawe taifa lililotengwa kwa ajili yake. Wayahudi wengi wanazishika hata leo, nasi tunawaheshimu. Lakini mtume Petro aliambiwa asiite najisi kile Mungu alichokitakasa. Baadaye alielewa kwamba Mungu alikuwa anamwambia habari za watu, asimwite mtu yeyote najisi."

Njambi aliukumbuka mkono wa Dani ukiivuta ile sahani.

Alipopata nafuu, alivuka ua. Alimkuta Dani akifunga mizigo, kwa sababu kesho yake alikuwa anarudi Siaya. Sufuria zilizotumika zilikuwa zimerundikana nje.

"Shosho, nimekuja kuomba msamaha," Njambi alisema, akimwita nyanya kwa neno la kwao. "Nitaosha sufuria zote hizi. Nitafua na nguo zako."

"Yawa! Nani amekwambia unalipa? Nilikusamehe siku ile ile. Keti."

"Lakini sijafanya chochote."

"Ndiyo maana unaitwa msamaha. Ungeulipia, ungekuwa mshahara."

Njambi alifikiri kidogo. "Kwa hivyo, Shosho, sheria zote zimeisha? Mtu anaweza kuiba, halafu aseme ni neema?"

Dani aliacha kufunga mizigo. "Hapana! Kuiba, kusema uongo, kumdharau mzazi, hayo Yesu hakuyalegeza hata kidogo. Aliyafikisha hadi moyoni. Alisema mpende Mungu, na mpende jirani yako kama nafsi yako. Hatufanyi hivyo ili Mungu atukubali. Ametukubali tayari, ndiyo maana tunafanya."

"Na kambare je?"

"Kwetu nina jirani, Mzee Omondi. Yeye hali kambare, kwa sababu kanisa lao linafuata hivyo. Akija kwangu nampikia mayai. Yeye anamheshimu Bwana kwa kuacha, mimi namheshimu kwa kushukuru. Hata wewe si lazima ule. Ila usimdharau mtu kwa kilicho katika sahani yake."

Mourine alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Njambi alimgeukia. "Nisamehe, Mourine. Nilikuumiza."

Mourine alichezea kitasa cha mlango. "Uliniumiza sana," alisema. "Lakini hata mimi nilikutisha na ile sweta makusudi. Sikujua utaugua. Pole."

Wakatazamana, na kicheko kikawatoka wote wawili. Njambi alikunja mikono ya nguo yake, akachukua sufuria ya kwanza na kuanza kuisugua. Mourine akaleta maji ya kusuuza.

"Wee Njambi," Dani aliita, "si nimekwambia usilipe?"

"Silipi, Shosho. Nimependa tu kukusaidia."

Dani alitabasamu, akarudi kwenye mizigo yake. "Sasa ndipo umeishika sheria, mjukuu wangu," alisema. "Ukijua umependwa bure, kumtendea jirani mema hakuwi tena mzigo."