Kunguru Waliocheza Ngoma ya Mjomba

"Kafuate ngoma ya mjomba wako tuichome kabla hujaondoka," mama aliniambia jua likizama. "Na ukikuta chochote kinacheza kule, usisimame kuangalia."

"Mayu, nani acheze? Panya?"

"Yakobo. Usisimame."

Nilikwenda nikisonya. Alfajiri nilikuwa na basi la Dodoma. Interview! Ya kwanza kuitwa tangu nimalize chuo. Miaka minne, degree ya wanyamapori, GPA ya kuringia, halafu nashinda Bariadi nachajisha simu za watu. Shati jeupe lilishapigwa pasi. I was leaving, full stop. Ngoma na uchawi wao wabaki navyo.

Mjomba Ngeleja alikuwa manju, kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani, pamba ikishavunwa, makundi mawili ya ngoma hushindana uwanja mmoja, na mshindi ni anayevuta watazamaji wengi. Yule mzee hakuwahi kushindwa. Alikuwa anaburuta mguu wa kushoto, anauburuta, anauburuta, halafu anaruka, na watu wanahama upande kama wamefungwa kamba. Walisema ana dawa. Mimi nilisema watu hawana kazi, nikiwemo.

Alikufa mwaka jana bila kumrithisha mtu.

Kibanda chake kiko peke yake, nyuma ya shamba la pamba. Nilianza kusikia kabla sijafika.

Kwaruuu... kwaruuu...

Kucha kwenye bati.

Kunguru. Wale wa shingo nyeupe. Walikuwa wanateleza juu ya bati kwa matako, kama watoto, wakifika chini wanakwea tena. Mmoja amening'inia kichwa chini kwenye waya wa nguo, kwa mguu mmoja. Mwingine akadondosha kitumba cha pamba kutoka juu, akakifukuza, akakidaka kabla hakijagusa ardhi.

Nilicheka. Darasani tulifundishwa: kunguru ana akili, na mwenye akili hucheza. Science, jamani, si shetani. Nikaingia, nikabeba ngoma, nikatoka.

Bati lilikuwa kimya.

Walikuwa wameshuka uani. Mistari miwili, inatazamana. Katikati, njia yangu.

Harufu ikaja... ngozi mbichi, na jasho.

Jasho la mtu.

Mstari mmoja ukarukaruka, ukakoma. Wa pili ukajibu. Wakaendelea hivyo, wanapokezana. Mbele ya ule wa pili alisimama kunguru mzee, manyoya yamenyonyoka kifuani. Akaburuta mguu wa kushoto. Akauburuta. Akauburuta...

Akaruka.

Nilisogea nimwone vizuri. Hatua mbili tu. Ungekuwa wewe, usingesogea?

Mstari wa kwanza ukaganda. Wote wakanigeuzia macho, vile wachezaji walioshindwa wanavyomwangalia mtazamaji aliyewahama. Kisha wakaondoka mmoja mmoja, bila mlio, kuelekea barabara ya mjini.

Yule mzee akanijia. Akaweka kitu juu ya kiatu changu.

Njuga. Kengele ndogo ya mguuni, ya mcheza ngoma.

Niliipiga teke, ikalia chri, nikakimbia na ngoma yangu kichwani.

Mama alikuwa mlangoni, kiberiti mkononi.

"Ulisimama," alinong'ona.

"Ndege tu, mayu. Wanacheza, it's normal..."

"Ulienda upande gani?"

Sikuwa nimemwambia kwamba kulikuwa na pande mbili.

"Kaka yangu hakuwa anavuta watu wamshangilie," alisema. "Alikuwa anamtafuta mmoja." Akakifunga kiberiti kwenye pindo la kanga. "Hii haichomwi tena. Ina mwenyewe."

Alfajiri nilikuwa stendi, shati jeupe, begi begani. Kunguru walikuwa wanateleza kwenye kioo cha mbele cha basi. Abiria wanacheka, wanawarekodi.

"Dodoma! Dodoma!" konda alipiga kelele. "We msomi, panda bwana! Unamuaga nani?"

Mguu wa kulia ukakanyaga ngazi. Wa kushoto ukakataa.

Nikauvuta. Ukaburuzika...

Chri.

Ndani ya soksi.

Kunguru wakaruka kutoka kwenye kioo. Basi likaondoka, nao wakalifuata juu kwa juu mpaka likapotea. Nilibaki stendi na shati langu.

Daktari kasema ni mshipa wa fahamu, nifanye mazoezi. Nafanya, kila jioni, nyuma ya shamba la pamba. Sijui nani huniinua kitini. Mama hufunga dirisha. Mwanzoni walikuja kunicheka watu wachache, sasa wanajaza uwanja, na kunguru wamejipanga juu ya bati, kimya kabisa.

Juzi mtazamaji mmoja alisogea hatua mbili.

Tangu nimalize chuo, watu wa Bariadi, mmekuwa mkiniuliza kwa kejeli, eti msomi, kazi umepata?

Nimepata. Naandika haya mchana kwa sababu jioni niko kazini.