Noa Achagua Mafunzo ya Hesabu za Kodi

Noa na mkewe Ruthi walikaa katika nyumba ya vyumba viwili, pembezoni mwa mji wa Muheza. Walikuwa na watoto watatu. Mkubwa aliitwa Timotheo, kwa hiyo majirani waliwaita Baba Timotheo na Mama Timotheo.

Kila asubuhi Ruthi alipika uji. Wakishakunywa, waliwaacha watoto kwa bibi yao wakaenda kazini. Wote wawili walifanya kazi katika shamba moja la mkonge. Ruthi alianika katani kwenye nyaya. Noa alilisha majani katika korona, ile mashine kubwa ya kukoboa mkonge.

Mwaka 1956, mwezi wa Mei, korona ilimkamata Noa mkono wa kulia. Alilazwa hospitali wiki tano. Mkono ulipona, lakini vidole viwili vilikuwa vimekwenda.

Aliporudi, meneja alimwambia, "Kazi ya korona huiwezi tena. Nitakuweka langoni. Mshahara wake ni mdogo, lakini utakaa."

Akapewa pia fidia ya shilingi mia nne. Nyumba ile haikuwahi kuingiwa na fedha nyingi namna hiyo. Ruthi alizihesabu, akazifunga katika kitambaa.

"Baba Timotheo," alisema, "hizi fedha ni vidole vyako. Tusizile."

"Tuzifanyie nini?"

"Sijui bado. Tufikiri."

Noa alikuwa amesoma hadi darasa la nane katika shule ya misheni. Alijua Kiingereza cha kusoma, na hesabu alizipenda tangu utoto. Pale langoni watu walizoea kumletea barua zao awasomee. Siku moja muuza machungwa alimletea karatasi ndefu kutoka ofisi ya kodi. Ilikuwa na mistari mingi ya kujaza.

Noa aliisoma mara mbili. Maneno aliyajua, lakini maana yake ilimkimbia.

"Hapa wanataka mapato yako," alisema. "Na hapa wanataka gharama. Kwa nini wanaviuliza mbalimbali?"

"Nikijua nisingekuja kwako," alijibu muuza machungwa.

"Watu wengine hujaziwa na nani?"

"Twaenda Tanga kutafuta makarani. Nauli, na malipo, na siku nzima imepotea. Hapa Muheza hakuna anayejua."

Muuza machungwa aliondoka na karatasi yake, lakini maswali yalibaki na Noa. Alikula akiwaza, akafungua lango akiwaza. Mapato ni nini hasa? Mtu akiuza vitu vya shilingi mia, zote mia ni zake? Jumapili, walipotoka kanisani, alimwambia Ruthi, "Nataka kujifunza kazi hiyo. Niwaandalie watu hesabu zao za kodi. Kazi hiyo haitaki vidole kumi."

"Inafundishwa wapi?" Ruthi aliuliza.

"Hilo ndilo sijui."

Hazikupita wiki mbili, akaja mtu sokoni amevaa suti nyeupe. Alisema ni wakala wa Chuo cha Ufanisi. Alikuwa na picha za watu waliokaa mezani na kalamu mfukoni. Noa na Ruthi walisimama kumsikiliza.

"Wiki tatu tu," alisema wakala. "Utajua kodi zote. Utapewa cheti chenye muhuri mwekundu. Ada ni shilingi mia mbili na themanini, na kazi utapata bila shaka."

Moyo wa Noa uliruka. Wiki tatu si nyingi. Lakini Ruthi alikuwa na neno.

"Samahani, bwana. Anayefundisha ni nani?"

"Mabingwa, mama."

"Majina yao?"

"Majina mtayajua mkishalipa."

"Na wale waliokwisha kusoma, tunaweza kuonana nao?"

Wakala alicheka. "Wako wengi. Mmoja amefanya kazi hapa hapa kwenu mwaka jana. Muulizeni mwenye duka yeyote. Lakini fanyeni upesi. Jumamosi naondoka, na nafasi zimebaki mbili."

Njiani Ruthi alisema, "Mwenye duka tunayemjua ni Bi Saleha. Twende tukamuulize."

Bi Saleha alikuwa mjane, mtu wa asili ya Tongoni. Aliuza kanga, sabuni na mafuta ya taa karibu na stesheni.

"Shikamoo, Bi Saleha," walimsalimu.

"Marahaba, wanangu. Mkono waendeleaje, Noa?"

"Unaendelea vizuri. Bibi, tumekuja kukuuliza jambo." Noa akamweleza habari za wakala na chuo chake.

Bi Saleha aliweka chini kanga aliyokuwa akiikunja. "Kijana mmoja mwenye cheti cha muhuri huo mwekundu ndiye aliyenijazia mimi mwaka jana," alisema. "Ngoja niwaonyeshe."

Alitoa karatasi mbili kutoka kwenye sanduku la bati.

"Tazameni. Mwaka ule niliuza vitu vya shilingi elfu tisa. Yeye akaandika kwamba faida yangu ni elfu tisa. Sasa hizo kanga nilizouza, mimi nilipewa bure? Si nilizinunua kwa watu? Na pango la chumba hiki, na mshahara wa anayenibebea mizigo? Vyote hivyo hakuviandika. Ikaja barua nilipe kodi kubwa, ya kunifanya niuze duka lenyewe. Mwenzenu niliugua."

Noa aliisoma karatasi ile mstari kwa mstari. "Kumbe kodi haitozwi juu ya mauzo yote," alisema polepole.

"Hutozwa juu ya kinachobaki. Unatoa kwanza bei ya mali uliyonunua, na gharama za biashara. Lakini gharama za biashara tu. Mchele wa nyumbani kwangu si gharama ya duka. Mimi haya niliyajua baadaye, kwa Bwana Uweso."

"Bwana Uweso ni nani?"

"Ni karani wa hesabu mjini Tanga, mtu wa makamo. Alinitaka nimpelekee stakabadhi zote, moja moja. Akaandika barua ya kupinga kabla muda haujapita. Ofisi ya kodi wakakubali, kodi ikashuka. Nasikia anafundisha watu siku za Jumamosi. Nenda kamuone. Ila usilipe kitu kabla hujauliza. Uliza mpaka uridhike. Kuuliza si ujinga."

Jumamosi ile wakala aliondoka Muheza kwa basi. Noa alipanda treni kwenda Tanga.

Alimkuta Bwana Uweso katika chumba cha shule ya watoto, barabara za Ngamiani. Wanafunzi wanane, watu wazima wote, walikuwa wamekaa kwenye madawati madogo, magoti yakiwapanda. Bwana Uweso alikuwa mwembamba, amevaa kanzu na koti. Noa alimwamkia, akaeleza shida yake.

"Una maswali?" aliuliza Bwana Uweso.

"Ninayo mengi, bwana."

"Yaseme. Hawa wanangoja hesabu niliyowapa."

"Unafundisha kwa muda gani?"

"Miezi kumi, kila Jumamosi alasiri. Mitano ya kwanza ni kutunza daftari. Mtu asiyeweza kutunza daftari atajazaje fomu? Mitano ya pili ni kodi."

"Nimeona gazetini masomo yanayoletwa kwa posta kutoka Uingereza. Hayo yakoje?"

"Ni mazuri kwa kutunza daftari. Mimi mwenyewe nilisoma hayo. Lakini hayakufundishi sheria ya kodi ya hapa. Kabla hujachagua masomo yoyote, uliza kama ni ya sheria ya nchi unayotaka kufanyia kazi."

"Tutajifunza kwa vitabu tu?"

"Kwa vitabu, na kwa karatasi za kweli. Wenye maduka wananiruhusu kutumia za miaka iliyopita, majina tumeyafuta. Utajaza, utakosea, nitakusahihisha. Afadhali ukosee hapa kuliko kwenye duka la mtu."

"Ada?"

"Shilingi kumi na mbili kwa mwezi. Unalipa mwezi kwa mwezi. Ukiona hufaidiki, unaacha."

"Na nikimaliza nitapata kazi?"

Bwana Uweso alitikisa kichwa. "Hilo sikuahidi. Nitakupa barua ya kusema unajua nini. Kazi utaitafuta wewe. Na sheria hubadilika, kwa hiyo kila mwaka itabidi ujifunze tena."

Jibu hili halikuwa tamu kama la wakala. Hata hivyo Noa aliliamini. Akaonyesha mkono wake. "Naandika kwa mkono wa kushoto sasa. Naandika polepole sana."

"Zinasomeka?"

"Naam?"

"Tarakimu zako. Zinasomeka?"

Bwana Uweso alimpa chaki. Noa aliandika ubaoni moja hadi kumi. Tarakimu zilipinda kidogo, lakini saba haikufanana na moja, wala sita haikufanana na sifuri.

"Zinasomeka," alisema Bwana Uweso. "Kaa leo usikilize bure. Kisha nenda kwa mkeo mkashauriane."

Noa alikaa. Siku hiyo walikuwa wakijifunza habari ya muuza samaki wa Kigombe ambaye samaki wake waliharibika. Je, hasara ile iandikwe wapi? Wanafunzi walibishana. Noa alisahau kwamba alikuja kusikiliza tu, naye akabishana. Jua lilipopungua ndipo alipokumbuka kwamba hajala.

Alilala kwa mjomba wake Ruthi, akarudi Muheza Jumapili. Ruthi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miezi kumi ni shilingi mia na ishirini," alisema Ruthi. "Ongeza nauli na vitabu. Nyingine zitabaki. Lakini wewe umependa?"

"Mama Timotheo, nina hamu ya Jumamosi ijayo."

"Basi nenda."

Kwa miezi kumi Noa alifungua lango siku za kazi na kwenda Tanga kila Jumamosi. Haikuwa rahisi. Mwezi wa tatu alikosea hesabu zote za uchakavu wa mali, yaani jinsi thamani ya vitu inavyopungua kila mwaka, akataka kuacha. Ruthi alimwomba amfundishe yeye ile hesabu. Noa alipojaribu kumweleza, aliona mwenyewe alipokosea. Tangu siku hiyo kila somo alilisimulia nyumbani, hata Ruthi akajua kutenga stakabadhi za biashara na za matumizi ya nyumbani.

Mwaka 1957 Noa alimaliza, akapewa barua yake. Aliacha kazi ya lango, na kwa fedha zilizobaki alipanga nusu ya chumba karibu na soko la Muheza, akaweka meza moja na viti viwili. Bi Saleha alikuwa wa kwanza kuleta daftari lake. Kisha akaja muuza machungwa.

Wa tatu aliitwa Laurenti, mwenye bucha. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwaga stakabadhi zake mezani, akakaa. Noa alizipanga. Ng'ombe, chumvi, visu, mshahara wa msaidizi, vyote vilipata mahali pake. Halafu akafika kwenye petroli.

"Gari hili linabeba nyama?" aliuliza.

"Nyama, ndiyo. Na Jumapili linatupeleka kanisani. Na mke wangu huenda nalo kwao Korogwe. Andika yote."

Noa aliweka kalamu chini. Alijua kwamba yote haiwezekani. Lakini sehemu gani iandikwe, na ipimwe vipi, hilo hakuwa na hakika nalo. Mbele yake alikuwa mteja wa tatu tu, na Muheza ni mji mdogo.

"Bwana Laurenti," alisema, "hili silijui vizuri. Nipe siku mbili. Nitakwenda Tanga kuuliza, kwa nauli yangu."

Laurenti alimtazama. Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Stakabadhi aliziacha mezani.

Noa alikwenda Tanga. Bwana Uweso alimpeleka mpaka ofisi ya kodi, wakauliza pamoja. Walijibiwa kwamba iandikwe petroli ya safari za biashara tu, na kwamba mwenye gari atunze daftari la safari: tarehe, mahali, mzigo.

Siku ya tatu Laurenti alirudi. Alileta watu wawili wenye maduka, kila mmoja na bahasha yake kwapani.

"Nimewaambia," Laurenti alisema, "kwamba huyu, asilolijua, analiuliza."

Noa aliwasalimu wote, kisha akampelekea Ruthi habari aazime viti viwili zaidi.