Kapeti la Lusia

Davis alipofungua ukumbi wa ushirika wa wachoraji wa Katoro Jumamosi asubuhi, alikuta fremu tupu ukutani. Picha kubwa ya Lusia Mayala haikuwapo. Mchana gari lingeipeleka Mwanza, kwenye maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, baada ya miaka mingi ya kuchora picha zisizo na mtu wala mnyama.

Inspekta Rhoda Bujiku alianza na mlango. Kufuli lilikuwa zima. Kila mtu wa ushirika alikuwa na ufunguo. Picha nyingine za Lusia, zote za turubai, hazikuguswa. Kwenye fremu tupu ilibaki misumari, mirefu kuliko ya zile nyingine.

Wengi walimtaja Davis, mchoraji wa twiga, aliyezoea kuziita kazi za Lusia matope. Rhoda alimuuliza kama alimwonea wivu.

"Namwonea, afande. Twiga wangu mtu humtazama mara moja akaondoka. Ile picha nimeitazama mwaka mzima, sijaimaliza. Niiibe nikaitazamie wapi?"

Lusia hakumlaumu mtu. Alieleza kwamba ile moja aliichora kwa udongo wa mashimoni, juu ya kapeti kuukuu la mwaloni, mahali pa kuoshea mchanga wa machimbo, lile linalonasa chembe za dhahabu. Alificha jambo hilo na kufunika mgongo wa picha kwa ubao, kwa kuwa alitaka itazamwe, si ipimwe.

Rhoda akamwita Sostenes, fundi fremu wa ushirika, aliyewahi kuosha dhahabu mwaloni.

"Ile picha ilichorwa juu ya nini?"

"Turubai, afande, kama zingine."

"Misumari hii ulipiga wewe?"

"Mimi."

"Turubai jembamba linataka misumari mirefu hivi?"

Sostenes akatazama mikono yake.

Kapeti lilikutwa kwake, ndani ya beseni la maji ya sabuni. Mwaloni, alieleza, kapeti kuukuu halitupwi: huoshwa, kisha huchomwa, dhahabu itafutwe kwenye majivu. Alikuwa amebakiza kuchoma.

"Nisamehe, mayu, mama yangu," alimwambia Lusia. "Niliona dhahabu inaning'inia bure."

"Ungeniuliza. Nililiosha na kulikung'uta mwenyewe kabla ya kuchora. Halina kitu."

Walilitandaza uani mwa ukumbi. Udongo wa juu ulikuwa umetoka, lakini wekundu ulikuwa umezama ndani ya nyuzi, na palipokuwa pamejaa sasa palipumua. Lusia alilizunguka taratibu. Davis alikuja na brashi, akatazama, akairudisha mfukoni.

"Liacheni hivyo hivyo," Lusia alisema.

Rhoda alipiga picha za ushahidi, akamtolea Sostenes pingu.

"Ngoja kidogo, afande. Gari linakuja," Lusia alisema. "Kwanza anipigilie misumari."