Kibuli cha Mgeni

Siku ya tano baada ya operesheni, Khawla alisikia sauti yake mwenyewe ikiomba maji huko uani.

Alikuwa chumbani, ameegemea mito mitatu, uso umevimba hadi macho yamebaki vijistari viwili. Meno yake ya juu na ya chini yalikuwa yamefungwa pamoja kwa mipira, na daktari alisema yatakaa hivyo wiki sita. Hata nyumba ingeshika moto asingeweza kuita mtu. Lakini sauti ilikuwa yake. Aliijua kwa ule mluzi uliopenya kila alipotamka "s", mluzi wa taya la zamani, lile lililokatwa na kurudishwa nyuma kule hospitalini.

"Shangazi, niletee maji basi."

"Haya, haya, nimesikia," shangazi yake Muhiba akajibu kutoka jikoni. Akaja na gilasi, akasimama mlangoni. "Mbona uko huku? Si umeniita kutoka uani sasa hivi?"

Khawla alitikisa kichwa. Akavuta daftari lake, akaandika: Nitaitaje?

Muhiba alisoma. Kisha, badala ya kumtazama msichana aliyemlea tangu akiwa mchanga, alitupa jicho juu ya kabati la nguo, mahali palipokuwa patupu, akaondoka na gilasi ile ile.

Mtu asidhani Khawla alikuwa wa kutishika ovyo. Alikuwa na miaka kumi na saba, amezaliwa na kukulia Majengo, na vita alivizoea tangu darasa la tatu. Taya lake la chini lilikua kuliko la juu, likaja mbele na kupinda kushoto, na watoto wakampa jina Droo. "Funga droo!" walimpigia kelele. Vijana wa pale kona walimsalimia makusudi, "Sasa?", wakingoja arudishe "sasa" yenye mluzi ili wavunjike mbavu. Mwalimu wa Kiswahili alimruka kila zamu ya kusoma kwa sauti ilipomfikia, akidhani anamfanyia hisani. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Alifungwa nyaya za meno akiwa na miaka kumi na minne, akaambiwa operesheni ni mwaka ujao. Mwaka ujao ukaja na mgomo wa madaktari. Uliofuata, mashine ikawa mbovu. Mara ya tatu alikuwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake, ameshavaa gauni la kijani, ndipo karani wa hospitali akamwambia hakuna kitanda, rudi nyumbani. Alirudi Majengo kwa miguu, shangazi yake nyuma akimbembeleza, na hakudondosha chozi. Alikuwa na hasira za kutosha kuwasha jiko. Siku hiyo aliapa kwamba akishafunguliwa, neno lake la kwanza litakuwa "sasa", safi, bila mluzi, na atalisema pale kona akiwatazama machoni mmoja mmoja.

Huo mdomo ulikuwa wake. Aliungojea miaka mitatu. Na sasa kulikuwa na mtu mwingine anautumia.

Siku ya saba aliingia Truphena, jirani wa mlango wa pili, karani wa kaunti aliyekuwa akimletea supu iliyochujwa kila jioni. Hakubisha hodi.

"Wewe Khawla, mimi nimekukosea nini? Niko hapo kwa mfereji, nasikia ukisema ati supu yangu inanuka soksi. Na unacheka!"

Khawla alitanua midomo, akamwonyesha mipira. Akaandika kwa herufi kubwa: SI MIMI.

"Kama si wewe ni nani? Hiyo mluzi yako naijua..." Truphena akainama karibu. Aliitazama mipira, akaitazama tena, kisha akaweka sufuria chini polepole. "Yesu wangu. Mama Muhiba, hii nyumba yenu iko na nini?"

"Haina kitu," Muhiba alisema haraka. "Sote tumechoka tu. Tunasikia vitu."

Kilichomchoma Khawla si tusi lenyewe. Ni kwamba alikuwa amelifikiria. Supu ya Truphena ilikuwa inanuka soksi kweli, na yeye alikuwa amelimeza neno hilo pamoja na supu, kwa adabu, kama alivyomeza mengine mengi miaka yote ile. Nani aliyemtuma mtu kuyatoa?

Halafu kulikuwa na ile harufu. Uji, supu, maziwa, hata maji matupu, kila alichokunywa kilimpandia puani kama marashi ya waridi. Alipomwandikia shangazi yake, aliambiwa ni sabuni ya vyombo. Khawla alikumbuka kwamba siku ya pili na ya tatu, akiwa amesharudishwa nyumbani, dawa zikiwa zimemlevya na macho hayafunguki, alinyweshwa kwa kitu chenye mdomo mwembamba, baridi, kilichogonga nyaya zake kidogo. Siku ya nne kililetwa kikombe cha plastiki, na hakuna aliyesema kwa nini.

Ilikuwa magharibi ya siku ya tisa. Adhana ilikuwa imekwisha, Muhiba anaswali chumba cha pili, na uani watu wameingia ndani na sufuria zao. Khawla aliisikia sauti ikimwita kwa jina kutoka kwenye mfereji. Ikamwita tena, sasa iko ukumbini. Ikamwita kutoka chini ya kitanda, taratibu, kwa ule mluzi wa kuchukiza, na kabla hajaweza kugeuza shingo ilikuwa imekwishaingia mahali ambapo mtu hawezi kugeukia, nyuma ya meno yake mwenyewe, kwenye ulimi, ikisema fungua, fungua, nifungulie, na taya lililoshonwa majuzi, ambalo hata kupiga mwayo lilikatazwa, likaanza kujivuta lenyewe kwenda chini, kidogo kidogo, mipira ikikazana na kulia, maumivu yakimpanda hadi masikioni na jasho likimtiririka mgongoni, huku yeye amekishika kidevu kwa mikono miwili na kukisukuma juu kwa nguvu zake zote, akipumua kwa pua, akilaani kwa moyo, mpaka mpira mmoja wa upande wa kushoto ukakatika, tap, na harufu ya waridi ikajaa chumba kizima.

Muhiba alikuta mpira umeanguka kifuani. Alijitupia buibui, akatoka.

Kesho yake baada ya alasiri alirudi na Mwalimu Abdurahim, mzee aliyeshona viatu vya matairi soko la Kariokor asubuhi na kupunga majini ya nusu ya Majengo jioni. Truphena alikuja naye, hakuitwa, akasimama mlangoni amefumbata mikono. Mwalimu alifukiza udi, akasoma, akamtazama Khawla machoni muda mrefu.

"Yupo," alisema kwa sauti ya chini. "Na haondoki mpaka ataje jina lake na ataje anachodai. Atataja kwa kinywa cha huyu aliyempanda. Ndivyo kazi ilivyo. Mfungueni."

Ukutani, juu ya mito, ulining'inia mkasi mdogo. Ulitoka hospitalini. Daktari alikuwa amerudia mara tatu: mipira ikatwe kama mtoto anatapika na anapaliwa, si vinginevyo. Taya likifunguliwa mapema mfupa utateleza, na kazi yote inaanza upya.

Muhiba aliuangua mkasi. "Nisamehe mwanangu. Ni dakika mbili tu, aseme aende zake."

"Ukikata hiyo kitu naita polisi," Truphena alisema.

"Wewe usiyaingilie ya watu!"

Khawla alimkamata shangazi yake kifundo cha mkono. Hakuwahi kumshika hivyo. Hasira zilikuwa zimempanda hadi hakuona woga ulipokwenda. Wamfungulie nani? Kila mtu alikuwa na la kusema juu ya mdomo wake: vijana wa kona, mwalimu wa darasa, karani wa hospitali, sasa mshona viatu. Akavuta daftari kwa mkono mwingine, na moshi wa udi ulipompita puani akanusa ndani yake yale marashi, akalielewa jambo lote mara moja.

ULININYWESHA KWA CHOMBO GANI?

Muhiba alisoma, akaketi sakafuni, mkasi pajani.

"Kwa kibuli," alinong'ona.

Kila mtu wa nyumba ile alikijua hicho kibuli. Kilikuwa kidogo, cha kauri, chenye maua mekundu na mdomo mwembamba uliomeguka ncha, na kilikaa juu ya kabati tangu nyanyake Khawla alipokuja nacho kutoka pwani. Kila Alhamisi magharibi kilitiwa maji ya waridi na asali, ya Mgeni. Hakuna aliyemwita jina jingine. Mgeni alikuwa wa nyanya, akaja na nyanya, na alipokufa nyanya akabaki. Ijumaa asubuhi kibuli kilikutwa kimepungua, kikaoshwa, kikarudishwa juu. Mtoto aliyekigusa alichapwa.

"Midomo ilikuwa imemvimba," Muhiba alisema. "Kikombe hakiingii, kijiko hakiingii. Mtoto ana kiu analia machozi. Hakukuwa na kingine chenye mdomo mwembamba. Nilikisuuza mara saba, Mwalimu. Mara saba!"

"Ukampa mtu chombo cha Mgeni," Abdurahim alisema, na sasa hata yeye alikuwa akinong'ona. "Basi yeye amefuata kinywaji chake kilikoingia. Kiko wapi hicho kibuli?"

"Kiko... kiko jikoni."

"Kirudishe Alhamisi, kwa maneno mazuri. Pengine atashuka."

Hapo koo la Khawla likasema. Midomo ilikuwa imefumbwa, wote watatu wakiitazama. "Mimi sisubiri Alhamisi," ilisema ile sauti, na "s" zake zote zikapiga mluzi. "Nifungulie nikae vizuri."

Truphena alipiga ishara ya msalaba. Mwalimu akarudi nyuma hatua moja. Khawla aliinuka kitandani, akaenda kusimama mbele ya kioo cha kabati, uso kwa uso na uso wake uliovimba. Aliandika akikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika, akaliinua daftari mbele ya kioo.

MIMI NIMENGOJA MIAKA MITATU. NA WEWE NGOJA.

Kitu kilicheka kooni mwake, kicheko kifupi, kama cha mtu aliyepatana bei.

Alhamisi kibuli kilikuwa juu ya kabati, kimejaa. Sauti haikusikika tena, si uani wala chumbani. Uji ukarudi kuwa uji. Uvimbe ulishuka, na kwenye kioo likaanza kujitokeza taya lililonyooka, la msichana ambaye Khawla hakuwahi kumwona lakini alimpenda palepale. Truphena alileta supu, na supu ikanywewa. Muhiba alimshukuru Mungu kila baada ya sala, kwa sauti kubwa, na hakumtazama mtoto wake machoni hata mara moja.

Wiki sita zilipotimia, jioni ya kuamkia kliniki ya kufunguliwa, Khawla alipanda kwenye kiti kutafuta buibui lake jeusi. Kibuli kilikuwa karibu na pua yake. Maua mekundu, kauri nyeupe. Mdomo mwembamba, mzima, ncha yake haikumeguka popote. Maji ya Alhamisi iliyopita yalikuwa yamejaa pomoni, vumbi likielea juu.

Alishuka nacho hadi jikoni, akakiweka mbele ya shangazi yake na kukigonga ncha kwa kidole.

Muhiba alilia kabla ya kusema. "Kilinivunjikia siku ya nne, nikikiosha. Vigae nilitupa kwenye taka. Hiki nilikipata soko la Gikomba, nilizunguka siku nzima. Kinafanana kabisa, Khawla. Ni nani angejua?"

Khawla aliandika mstari mmoja: Yeye. Kisha akaenda kulala kwa hasira, kwa sababu hakukuwa na jingine la kufanya, na kliniki ilikuwa saa tatu.

Daktari Wacuka, aliyewapokea yeye na Muhiba, alikuwa mtu mchangamfu. Alikata mipira mmoja mmoja, akiihesabu kwa mzaha, akapapasa taya pande zote mbili, akamwita mwenzake aje aone. "Limekaa kama lilizaliwa hivyo," alisema. "Haya, binti. Taratibu. Nisalimie."

Khawla alimtazama. Aliona neno lake limekaa mahali pake, lile aliloliapia, na ulimi ukienda kulichukua. Akafungua mdomo. Hewa iliingia baridi, tamu, kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, na ulimi ukageuka na kwenda kwingine.

"Nimengoja, Shangazi," ilisema ile sauti, na mluzi wake ukapita katikati ya meno yaliyonyooka kama uzi. "Kibuli changu kiko wapi?"

Muhiba aliangusha mkoba. Daktari alicheka, akasema mluzi ni kitu cha mazoezi tu, wengi huanza hivyo, utaisha. Khawla alijaribu kuufumba mdomo ukakataa. Hasira zilimjaa hadi machozi yakamtoka, akapapasa ndani ya buibui, akatoa lile daftari alilokusudia kulitupa kwenye pipa la getini, na akaandika.

SI MIMI.